Hotuba ya Kitaalamu Kuhusu Funksheni ya Kodi, kwa Manufaa ya Kariakoo Yote

Funksheni katika Java ni kipande cha programu chenye jina, kinachopokea kitu, kukipigia hesabu, kisha kumrudishia jibu aliyekiita. Wengi wamekwisha kulifafanua jambo hili. Mtaalamu mwenye hotuba hii, ambaye kwa unyenyekevu wake mashuhuri hatajwi jina, hakuona haja ya kuwasoma.

Mwanafunzi anayeandikia duka la vitenge la Mtaa wa Kongo programu yake ya kwanza hupiga hesabu ya kodi ya ongezeko la thamani kwenye vitenge, akairudia kwenye kanga, kisha kwenye mashuka, mpaka kiwango kimeandikwa mahali 40. Kodi hiyo ilianza Tanzania Bara mwaka 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Katika programu ya namna hiyo marekebisho yangefika mahali 39, na mashuka yangeendelea kutozwa kodi ya zamani. Mwenye funksheni moja iitwayo “kodi” hubadilisha mstari mmoja, akaenda zake kunywa kahawa.

Katika suala la kurudisha jibu mtaalamu hana msamaha. Anayeanza hupenda funksheni ichapishe jibu kwenye skrini, maana macho nayo yanataka chakula. Huyo ni winga, yaani dalali wa Kariakoo, aliyetumwa jora la kitenge, akasimama katikati ya Mtaa wa Msimbazi kutangaza kwamba amelipata: umma umearifiwa, mteja mikono mitupu. Jibu lililochapishwa tu halijumlishwi na bei wala halipelekwi kwenye funksheni ya risiti. Lililorudishwa kwa “return” linafaa kwa yote mawili, na kuchapisha hufanywa baadaye na anayetaka kuchapisha.

Ndani ya funksheni ndimo yaliko maafa. Ikiandikwa “bei * (18 / 100)” kwa namba kamili, Java huanza na mabano, hutupa desimali, hubaki na sifuri. Kila bidhaa dukani haina kodi. Mfumo huu ungepata mashabiki wengi Kariakoo, ila Mamlaka ya Mapato haingekuwa miongoni mwao. “bei * 18 / 100” huzidisha kwanza, na jora la shilingi 50,000 hutoa kodi ya 9,000 kama sheria ipendavyo.

Hali hiyo njema hudumu mpaka kontena lifike. Namba ya aina ya “int” haivuki 2,147,483,647. Kwa hiyo bei ikizidi 119,304,647, kuizidisha kwa 18 hupita kikomo, na jibu laweza kuangukia upande wa hasi. Mzigo wa shilingi milioni 120 hupangiwa kodi ya hasi 21,349,672, yaani serikali ndiyo inayodaiwa. Mtaalamu aliutafakari uwezekano huu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Dawa yake ni “long” badala ya “int”: kwenye kigezo, kwenye aina ya jibu, na popote jibu hilo linapopokelewa.