Masharubu Chini ya Rangi Nyeupe

Mfululizo wa televisheni wa Batman ulioigizwa na Adam West na Burt Ward ulirushwa na ABC ya Marekani kuanzia tarehe 12 Januari 1966 hadi tarehe 14 Machi 1968, jumla ya vipindi 120 katika misimu mitatu. Uliingia madukani ukiwa mzima, kwa DVD na Blu-ray, tarehe 11 Novemba 2014. Miaka 46 iliyopita katikati inatosha kabisa kumzeesha mtoto aliyeutazama akiwa amejifunga taulo shingoni kama joho, akapata wajukuu, na wajukuu hao wakamuuliza kwa nini analipa fedha nzuri kuangalia wanaume wawili wazima waliovaa nguo za kubana.

Kuchelewa huko hakukutokana na uvivu. Vipindi vilitengenezwa na 20th Century Fox pamoja na kampuni ya mtayarishaji William Dozier, lakini wahusika ni mali ya DC, na DC iko chini ya Warner. Fox walikuwa na picha bila mtu. Warner walikuwa na mtu bila picha. Juu ya ugomvi huo wa wakubwa zilikuwapo pia haki za muziki na za wasanii mashuhuri waliochungulia dirishani kwa sekunde chache kisha wakaenda zao. Pande zote zilipoelewana, habari haikuanza kwa taarifa rasmi ya kampuni. Aliyeitoa ni mchekeshaji Conan O'Brien, Januari 2014, kupitia Twitter, na kwa mfululizo wa aina hii huyo alikuwa msemaji anayestahili. Kabla ya hapo wapenzi waliishi kwa kanda zilizorekodiwa kutoka kwenye marudio ya televisheni, nakala ya nakala, ambamo Robin alikuwa doa jekundu na Penguin doa jeusi, na mtazamaji alitofautisha mema na maovu kwa rangi ya doa.

Toleo kubwa la Blu-ray lilikuja na vikorokoro vyake: kigari cha Hot Wheels, kadi 44 za picha za zamani, albamu ya picha za Adam West na mwongozo wa vipindi. Kigari ndicho chanzo cha mgogoro wa kwanza katika nyumba ya mhakiki. Gari lenyewe la kwenye mfululizo lilianza maisha kama Lincoln Futura, gari la maonyesho la mwaka 1955, kisha fundi George Barris akaligeuza kuwa gari la shujaa. Kigari cha boksini hugeuzwa kwa mara ya pili na mtoto wa miaka minne, kwa muda mfupi zaidi na bila zana. Maelezo ya kwamba hicho ni kumbukumbu na wala si cha kuchezea hayajawahi kueleweka kwa mtu yeyote wa umri huo, na kusema kweli hata kwa watu wazima hayaeleweki vizuri.

Hatari nyingine iko kwenye kufungua. Diski za Marekani hufungwa kwa nailoni isiyo na mwanzo wala mwisho, na chini ya nailoni kuna vibandiko vya gundi kwenye kingo za kasha. Mkasi wa nyumbani hupotea saa hiyohiyo. Kinachofuata ni kisu cha jikoni, na baada ya kisu cha jikoni hufuata plasta.

Kisha kuna suala la deki. Wenye DVD waliigawa dunia kwa namba: Marekani ikapewa 1, Ulaya Magharibi na Japani zikapewa 2, na Afrika Mashariki ikawekwa kwenye namba 5 pamoja na India na Urusi. Kwa hiyo boksi lililotumwa na shemeji aliyeko Minnesota linaweza kuvuka bahari salama, likapita forodhani salama, kisha likakataliwa sebuleni. Kituko ni kwamba deki ya gharama, yenye jina kubwa, ndiyo inayoitii sheria hiyo na kuandika maneno ya kukataa kwenye kioo. Deki isiyo na jina, iliyonunuliwa kwa haraka Kariakoo au River Road, mara nyingi humeza chochote inacholishwa, ikiwa ni pamoja na diski za harusi zilizokwaruzwa kwa msumari. Tahakiki za magazeti ya Marekani hazigusi kabisa jambo hili.

Diski ikikubali kuzunguka, mtazamaji hukutana kwanza na umbo la picha. Mfululizo ulipigwa kwa ajili ya televisheni za wakati huo, zilizokaribia umbo la mraba, na Blu-ray imeheshimu umbo hilo. Kwenye televisheni pana za leo hubaki mikanda miwili myeusi, kushoto na kulia. Hapo ndipo shangazi aliyekuja kusalimia huinua miwani na kusema, "Mwanangu, hii televisheni yako imekatwa pembeni, umeibiwa." Haelezeki akaelewa. Mhakiki akienda kuchukua chai, rimoti hubadilisha mikono, picha huvutwa ijaze kioo, na Batman hunenepa ghafla. Adam West hakuwa mwembamba sana hata kabla ya kuvutwa. Zimewahi kutolewa hukumu kali kuhusu kiuno chake ambazo zilistahili kuelekezwa kwa mashangazi.

Baada ya umbo huja ubora, na hapa boksi linastahili sifa zake zote. Picha zimechukuliwa upya kutoka kwenye filamu ya milimita 35, zikasafishwa vizuri mno. Mwaka 1966 nyumba nyingi za Marekani bado zilikuwa na televisheni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kuna watu walioupenda mfululizo huu miaka yote bila kujua kwamba suti ya Riddler ni ya kijani inayoumiza macho. Tatizo la picha safi ni kwamba haichagui cha kusafisha. Kila kilichofichwa na ukungu wa kioo cha zamani sasa kiko mezani.

Cha kwanza ni masharubu. Cesar Romero alikataa katakata kuyanyoa kwa ajili ya Joker, hivyo wapambaji wakayapaka rangi nyeupe pamoja na uso mzima wakiamini hakuna atakayeyaona. Kwa televisheni za wakati ule walikaribia kufaulu. Kwenye Blu-ray yanaonekana unywele kwa unywele, yamesimama chini ya rangi kwa utulivu wa kitu kinachojua kwamba hakitafukuzwa kazi. Upande wa pili, barakoa ya Batman ilichorwa nyusi. Kila wawili hao wanapokutana, mtazamaji anashuhudia pambano kati ya mtu aliyechorewa nywele mahali zisipokuwapo na mtu aliyepakwa rangi mahali zilipo.

Cha pili ni ngumi. West na Ward walikuwa na watu wa kuwashikia nafasi kwenye mapigano, na zamani wepesi wa mapigo na vile vibandiko vya rangi vyenye milio ya ngumi viliwasitiri. Sasa ukisimamisha picha unamwona Batman mwingine kabisa, mwenye taya lake na mambo yake, akimaliza kazi aliyoianza mwenzake. Vibandiko navyo vina historia ya bajeti. Katika msimu wa kwanza viliwekwa juu ya mapigano yenyewe. Baadaye, kupunguza gharama, vikawa kadi zinazojaza skrini nzima. Mtazamaji anayetazama vipindi kwa mfuatano anaweza kufuatilia hali ya fedha ya mfululizo bila kuona hesabu hata moja. Kufikia msimu wa tatu, alipoongezwa Batgirl wa Yvonne Craig na kipindi kikawa kimoja kwa wiki, makao ya maadui yamebaki vifaa vichache vilivyosimamishwa mbele ya giza. Zamani giza hilo lilidhaniwa ni la kutisha. Usafi wa picha unaonyesha ni giza la kukosa mbao.

Na kuna kupanda ukuta. Batman na Robin hupanda majengo kwa kamba, na dirisha likifunguliwa hutokea msanii mashuhuri kuwasalimia. Wamo Jerry Lewis, Sammy Davis Jr., na hata Bruce Lee akiwa Kato pamoja na Green Hornet wa Van Williams. Siri ya tukio hilo ilikuwa rahisi: ukuta ulilazwa chini na kamera ikalazwa ubavu. Mashujaa wanatembea sakafuni wakiwa wameinama na kuhema, huku majoho yao yakivutwa kwa nyuzi ili yaonekane yananing'inia. Nyuzi hizo sasa zinaweza kuonekana. Ukishaziona huwezi tena kuona kitu kingine, na hilo ni pigo kwa Sammy Davis Jr., aliyekuja siku hiyo kwa nia njema.

Faida isiyo na ubishi imepatikana katika pango la Batman. Kila mtambo wa humo una kibao chenye jina lake na kazi yake kwa herufi kubwa, na vibao vyote sasa vinasomeka. Pango ni la siri, wanaoingia humo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wote wanaifahamu mitambo hiyo vizuri. Bado hakuna swichi isiyotambulishwa. Ofisi nyingi za umma zingefaidika na mpangilio huo.

Wapo wahakiki wanaosema usafi huu umeuvua mfululizo nguo. Hukumu hiyo haina msingi. Dozier aliukusudia uwe na sura mbili: watoto waone ushujaa, wazazi wacheke. Masharubu, nyuzi na giza la bei nafuu ni fungu la wazazi, na boksi hili limewaongezea fungu. Uso mkavu wa Adam West, anayetamka upuuzi mtupu kwa umakini wa hakimu, unachekesha zaidi pale nyusi zake za kuchora zinapoonekana vizuri.

Sauti ni ya mkondo mmoja, safi, haina la kuongezea isipokuwa wimbo wa mwanzo. Ni kazi ya Neal Hefti, na mashairi yake kwa kiasi kikubwa ni jina la mhusika likirudiwa. Kwa anayehakiki boksi zima jina hilo hurudiwa vipindi 120, katika saa zinazokaribia 50 za kutazama. Kufikia diski ya tatu, dada wa kazi anapepeta mchele kwa mdundo huohuo, na jirani ambaye hajawahi kuona hata kipindi kimoja anaupiga mluzi akifua. Maelezo ya hadithi yanasomwa na Dozier mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetangaza vita. Mtazamaji aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Tanzania, akimsikiliza Lufufu akieleza filamu za watu kwa Kiswahili, ataona jambo hilo ni la kawaida kabisa, ingawa atahisi Dozier anajizuia mno.

Katika misimu miwili ya kwanza kisa kiligawanywa kwa siku mbili, kwa kawaida Jumatano na Alhamisi. Jumatano iliisha mashujaa wakiwa mtegoni, na nchi nzima ililala ikijua kwamba steringi hafi lakini ikitaka kujua hafi vipi. Diski imeua usiku huo mmoja wa kungoja. Sasa jibu liko umbali wa kitufe. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, hata hivyo, utaratibu wa zamani unarudi bila malipo. Mr. Freeze wa Otto Preminger anajiandaa kuwagandisha Batman na Robin wawe lambalamba za ukubwa wa binadamu, kioo kinazimika, na familia inakaa gizani ikijadili hatima yao huku samaki waliomo kwenye friza wakianza kuyeyuka. Umeme ukirudi, deki nyingi huanza diski upya, na wimbo wa Hefti nao huanza upya.

Diski ya nyongeza ina mahojiano na kumbukumbu, lakini cha thamani zaidi ni majaribio ya waigizaji. Lyle Waggoner, ambaye baadaye alicheza kwenye Wonder Woman, anaonekana akijaribiwa kuwa Batman. Ana sura nzuri, mabega mazuri na sauti nzuri, na ukimtazama dakika moja unaelewa kwa nini kazi alipewa West: Waggoner angekuwa shujaa, na kipindi kisingekuwa na mzaha.

Boksi lilisifiwa kwa kuleta vipindi vizima baada ya miongo ya marudio yaliyokatwakatwa ili kupisha matangazo ya biashara. Muda si mrefu wapenzi wenye kumbukumbu kali wakagundua kwamba vipande vifupi vya baadhi ya vipindi havimo, na ukawekwa utaratibu wa kubadilishiwa diski. Walioona upungufu huo ni watu waliokuwa wametunza zile kanda zao za madoa, na kwa mara ya kwanza kanda hizo zikatumika kama ushahidi.

Pia haimo filamu ya sinema ya mwaka 1966, waliyoicheza wasanii walewale. Fox waliitoa peke yake, kwa DVD mwaka 2001 na kwa Blu-ray mwaka 2008, na ununuzi wake ni wa fedha nyingine. Ndiyo ile ambayo Batman ananing'inia kwenye ngazi ya helikopta, papa amemuuma mguu, na Robin anamshushia kopo la dawa ya kufukuza papa, nalo lina kibao chake. Mgeni anayeujua mfululizo huu kwa kusikia huja akitaka kuona hilo tu, na mwenye nyumba hujikuta ana vipindi 120, kadi 44 na kigari kisicho na tairi moja, lakini hana papa.