Pumzi ya Ndovu

Leeds, Uingereza

Kwa Shangazi, Makutupora,

Shikamoo, na mbukwenyi kwa wote walioketi kivulini nje ya tembe lako. Ama baada ya salamu, sisi tu wazima wa afya, isipokuwa fitina imeingia nyumbani kwa sababu ya rangi ya sebule.

Mama watoto amenunua vikopo viwili vya majaribio vya Farrow & Ball, watengenezaji rangi walioanza kazi Dorset mwaka 1946: kimoja huitwa Elephant's Breath, yaani pumzi ya ndovu, na cha pili Skimming Stone, kile kijiwe bapa wakirushacho watoto kikarukaruka juu ya maji; nami, kwa macho niliyojaliwa na Mola, sioni ila udongo wa Makutupora wakati wa kiangazi, mara mbili, kwa bei ya mbuzi mzima.

Yeye husema tafauti ni dhahiri, ila yataka nuru. Katika hilo ana haki: sebule yetu yaelekea kaskazini, na katika nchi hizi jua hupita upande wa kusini, hata dirisha letu likawa halipati ila mwanga baridi wa mbingu, wenye kuegemea buluu, unaoinyang'anya rangi uvuguvugu wake wote mpaka taa ya usiku iurudishe, ilhali huko kwenu, jua likipita karibu na utosi, sijapata kumsikia mtu akiuliza ukuta wake umeelekea wapi. Basi vipande vya karatasi vilivyopakwa rangi huhamishwa pembe hadi pembe, asubuhi akashinda ndovu, magharibi kikashinda kijiwe. Jirani aliyeitwa kutoa rai alitazama kwa taadhima kubwa, kisha akauliza ni kipi ambacho hakijapakwa bado.

Sasa amesikia kuna mashine dukani isomayo rangi ya kitu chochote na kuichanganya, akataka ututumie udongo kidogo wa ukuta wako. Nikamwarifu kwamba sheria ya hapa hairuhusu udongo wa kwetu kuingia bila kibali. Kwa hiyo tuandikie mchanganyiko wako tu, na ile samadi ya ng'ombe, ikiwa huna budi kuitaja, itaje kwa Kigogo, maana mwenzangu, kama ujuavyo, ni mtu wa Pangani, na barua zako huzifungua yeye kwanza.

Mwanao mtiifu