Mwizi Mwenye Ufunguo

Tangu jana mchana kuna watu wa Kigamboni wasiolijua jina langu wala kwetu, ila wananijua kwa cheo: yule dereva wa gari la ofisi aliyesukumwa na wauza samaki kutoka kwenye pantoni. Leo asubuhi bodaboda mmoja kanipigia saluti, kisha kaniuliza kama nahitaji vijana. Sijacheka.

Pale Magogoni nilipanda kwa amani. Nikapangwa mbele kabisa, nikazima injini. Dakika chache za maji, mlango ukashushwa ng'ambo, abiria wa miguu wakamiminika, kijana wa pantoni akanipungia mkono: twende. Nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka zote, stata kimya. Nikagusisha kitufe changu cha utambuzi. Nikajibiwa kwa ule mlio mwembamba usiokatika ambao gari huwatolea watu lisiowatambua.

Nikakifuta kitufe kwenye shati, nikagusisha tena. Nikakipulizia. Nikakisomea dua. Nyuma yangu lilikuwapo gari la harusi lililofungwa maua, na nyuma yake pikapu ya matarumbeta. Honi zikaanza, matarumbeta nayo yakaona yasiachwe nyuma. Mama mmoja akatoa kichwa kwenye bajaji: "Mwanangu, kama hujui kuendesha, sema usaidiwe. Si aibu." Bibi harusi alikuwa amekwisha kushuka kuja kuniangalia. Ndipo wauza samaki wakaweka ndoo zao chini, wakakunja mikono ya mashati, wakanisukuma mpaka juu ya mteremko wa gati huku wakiimba. Wimbo wenyewe ulinihusu.

Sasa, nikiweka hasira kando, kitufe hiki ni kitu cha ajabu. Ni kibati cha chuma kisichoshika kutu, chenye upana wa milimita 16, mfano wa betri ya saa, kimepachikwa kwenye kishikio cha plastiki. Kilibuniwa Texas na kampuni ya Dallas Semiconductor. Watu wa Istanbul walikitumia miaka mingi kulipia nauli za mabasi na vivuko: wao walikigusisha wakapanda, mimi kimenizuia kushuka.

Ndani hamna betri. Kikigusa tundu lake kwenye dashibodi, hufyonza umeme kidogo kutoka kwenye waya uleule unaokiuliza "nani wewe?", kisha hujibu kupitia hapohapo. Jibu ni namba ya biti 64: nane za kutaja aina yake, 48 za namba yenyewe, nane za kuhakiki kwamba haikusikika vibaya. Biti 48 zinatosha kwa namba zaidi ya trilioni 281. Ukiwagawia watu wote wa dunia, kila mmoja atapata zaidi ya 30,000. Mimi ofisi ilinipa moja, na hiyo moja wakaifuta.

Ufunguo wenyewe una ulinzi wake. Kwenye kichwa chake mna chipu isiyo na betri, inayoamshwa na koili iliyozunguka swichi. Kompyuta ya injini isipoitambua, injini haipati mafuta. Ulaya magari mapya yamelazimishwa kuwa na kinga ya aina hiyo tangu 1998. Lakini kinga hiyo huutambua ufunguo, haimtambui aliyeushika. Ufunguo ukiwa mmoja na madereva wakiwa kundi, bampa ikibonyea hakuna aliyebonyeza. Ndiyo maana vikaletwa vitufe, kila dereva na chake.

Chini ya dashibodi kumefichwa kifaa cha kufuatilia gari, chenye laini ya simu na orodha ya namba zinazoruhusiwa. Ukiwasha swichi, rilei inakuwa imeukata waya unaoamuru stata, mpaka namba iliyomo kwenye orodha iguse. Inakata stata tu. Injini inayonguruma haiigusi, maana hakuna mwenye akili atakayezima gari lililo barabarani. Na orodha hubadilishwa kutoka ofisini, kwa ujumbe unaopita kwenye mtandao wa simu.

Hapo ndipo nilipoelewa yaliyonipata. Ujumbe wa kunifuta ulifika nikiwa kwenye foleni ya Magogoni, injini inawaka. Gari likanivumilia kwa adabu mpaka nilipozima. Nilipanda pantoni dereva, nikashuka mwizi.

Tena rilei hiyo haina habari na kusukumwa. Gari letu ni la klachi: tulipofika pa tambarare nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, likawaka. Mitambo yote hiyo imeshindwa na vijana wenye magamba ya samaki mikononi.

Sijafika hata mita mia, simu ikaita. Afisa usafirishaji, sauti inatetemeka: "Kaka, uko wapi? Gari lako limeibwa! Naliona hapa kwenye kompyuta, linaendeshwa na mtu asiyejulikana, liko Kigamboni!" Nikamwambia nami namwona huyo mtu, kwenye kioo. Akaniuliza kama ana silaha.

Ikabainika kwamba kuna mwenzetu aliyeacha kazi, ambaye jina la kwanza tunafanana. Ofisi ikamfuta, yaani ikanifuta mimi. Cha kwake kinafanya kazi hadi leo. Alipokuja leo kuchukua barua zake alikigusisha kwa utani, gari likaunguruma kwa furaha. Aliyepo haaminiwi, aliyeondoka anaaminiwa.

Kabla ya vitufe tulikuwa na kabati la funguo lenye namba ya siri, nayo namba ilibandikwa ukutani ili isisahaulike. Kabla ya kabati, dereva mmoja alikwenda likizo Tukuyu na ufunguo mfukoni.

Hayo yote ningeyasamehe. Lisilonitoka moyoni ni la Jumapili. Jumapili bosi huchukua gari kwenda shambani kwake Mkuranga. Yeye hana kitufe. Wakubwa hawatambuliwi, wanafahamika. Kwa hiyo huagiza changu kiachwe getini kwa mlinzi. Mwezi uliopita ikatoka ripoti kwamba nimepita Mbagala kwa kilomita 92 kwa saa, mahali ambapo sheria inaruhusu 50, saa ambayo nilikuwa kwenye harusi ya mpwa wangu, na picha ninazo. Mshahara ukakatwa. Nikaandika malalamiko. Aliyeyapokea ni yeye, akayasoma mbele yangu, akasema mashine haisemi uongo. Ni kweli, haikusema uongo: ilisema namba. Waliosema mtu ni wao.

Leo tumeitwa kikao. Vitufe vinaondolewa, inakuja kamera ya kutambua sura ya dereva. Bosi ametueleza kwa vielelezo ukutani jinsi udanganyifu wa madereva utakavyokoma. Nikanyoosha mkono, nikauliza kama sura yake nayo itasajiliwa. Kikao kikafungwa papo hapo kwa sala. Muhtasari umeshabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Swali langu halimo, ila imeandikwa kwamba madereva wameupokea mfumo mpya kwa furaha, na chini yake kuna orodha ya waliohudhuria. Jina langu halimo pia.