Gramu Ziko kwa Sonara

Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu wanga. Kiwango cha siku: gramu 50. Sasa, wali mweupe uliopikwa una karibu gramu 28 za wanga katika kila gramu 100, na gramu 100 za wali, hapa kwetu Tandika, ni zile punje anazoachiwa kuku mtu akishashiba.

Ugali programu inaujua, ila inaupima kwa vikombe. Nikaona nimuulize mama ntilie chapati yake ina gramu ngapi. Akanitazama, akaitazama foleni nyuma yangu. “Kaka, hapa kuna ya mia tatu na ya mia tano. Gramu ziko kwa sonara.”

Hata hivyo mzani ulishuka upesi, mpwa akatangaza mtaa mzima. Hakutangaza kwamba mwili huweka akiba ya wanga pamoja na maji, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu ya akiba, na ukipunguza wanga hayo maji ndiyo hutangulia kutoka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushindi wangu niliiacha chooni.

Kupunguza wanga si jambo jipya: William Banting, mtu wa shughuli za mazishi huko London, alipungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, akaandika kijitabu mwaka 1863. Simu hakuwa nayo. Wala hakupata kualikwa pilau kwa Shangazi.

Kwa Shangazi tunakula sinia moja, watu sita. Programu inauliza: umekula kiasi gani? Nikaanza kuhesabu matonge kimoyomoyo. Nimefika la nne, shemeji kwa ukarimu wake akanisukumia mnofu, nao ukaja na nusu ya kilima cha wali. Nani anamrudishia mwenzake wali mbele za watu? Nikapunguza mwendo wa mkono. Shangazi akaona.

“Unaumwa sukari, baba?”

“Hapana, Shangazi. Nahesabu tu.” Nikamwonyesha simu.

Akaishika mbali na macho, akaikagua juu chini. Kumbe inaandika nani kala nini na saa ngapi? Akamwita mpwa palepale amwekee na yeye. Kupungua hataki. Anataka kujua nani humaliza nyama kabla wageni hawajanawa.