Mashine ya Mtu Mmoja

Siku hizi Arusha sherehe ambayo haikurushwa laivu inahesabiwa nusu sherehe. Iwe sendofu Njiro, harusi Sakina au kipaimara Usa River, kamati ikishamalizana na ukumbi na chakula, swali linalofuata ni nani atarusha. Sababu haihitaji shule. Ukoo wowote wenye shina lake chini ya Mlima Meru una kijana Minnesota, dada Uingereza, na shangazi Dar es Salaam ambaye kila Desemba nauli ya basi humpiga chenga. Hao ndio wachangiaji wakubwa. Mchangiaji mkubwa akikosa kushuhudia ndafu ikikatwa, mwakani kadi yake ya mchango inarudi na elfu kumi.

Mimi ndiye ninayemshuhudisha. Nina studio ndogo Kaloleni, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na mtaji wangu mkubwa ni kasha moja lenye vitufe vinavyowaka nyekundu na kijani. Kamera zinachomekwa nyuma, maiki pembeni, na kwa kidole kimoja picha inahama kutoka kwa bibi harusi kwenda kwa mama mkwe. Majina ya wahusika, picha ndogo ndani ya picha kubwa, kupandisha sauti na kuishusha, vyote vimo humo. Kazi ya watu wengi imeingia kwenye begi la shule, na nafasi ya chupa ya chai ikabaki.

Si kwamba mji huu ulikuwa haujui kamera. Sinema ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa pande hizi, John Wayne akifukuza vifaru kwa gari huku Meru ikimwangalia. Walikuja na msafara wa magari na mafundi. Miaka mingi baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ikakaa katika jengo letu la mikutano ya kimataifa, AICC, hadi ilipofungwa 2015, na mashauri yake yakarekodiwa kwa video na mafundi walioajiriwa kwa kazi hiyo. Televisheni yenyewe wenzetu wa Zanzibar waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi; sisi wa Bara tukangoja hadi 1994. Na hata ilipokuja, tukio la kurushwa moja kwa moja lilihitaji gari la matangazo ya nje, na gari hilo lilikuwa halifiki mahali pasipokuwa na mpira au mheshimiwa. Kipaimara cha mtoto wa jirani hakikuwemo kwenye ratiba.

Mambo yaligeuka kidogo kidogo. Mwaka 2005 kampuni ya NewTek ya San Antonio, Texas, ilileta TriCaster, kompyuta moja iliyobeba kazi za gari zima la matangazo. Ilikuwa nzuri, ila kwa mwenye studio ya juu ya duka la vipuri ilibaki kutazamwa tu. Mwaka 2012 ikaja OBS, programu ya kurushia matangazo isiyolipiwa hata senti. Kisha 2019 Blackmagic Design ya Australia ikatoa ATEM Mini, yenye nafasi ya kamera nne, kwa dola 295. Kwa fedha zetu za wakati ule haikufika laki saba, kabla haijaonja ushuru na nauli. Wakafuata watengenezaji wengine na makasha yao. Langu mimi silitaji jina, maana halina kosa. Aliyelitengeneza alitengeneza mashine. Habari za koo zetu hakuwa nazo.

Ndani ya lile gari la zamani kulikuwa na mwongozaji, mchanganya picha, fundi sauti, mwandika majina na fundi mitambo. Kila mmoja alikuwa na kazi yake na, muhimu zaidi, na lawama yake. Sauti ikikatika, mwongozaji anamgeukia fundi sauti, fundi sauti anaulaumu waya, waya ni wa mtu wa stoo, na mtu wa stoo leo hakuja. Lawama ilikuwa ikizunguka weee mpaka inachoka yenyewe. Hili kasha limewastaafisha wote watano kwa mpigo, lakini lawama zao hazikustaafu. Zimehamishiwa kwangu, bila posho ya uhamisho.

Kamati za harusi ziliuelewa uhamisho huo haraka kuliko mimi. Kamati hulipa kwa kuhesabu vichwa, na vichwa vya mafundi huhesabiwa kwa sahani. Siku niliyokwenda na kasha langu kujadili bei, mwenyekiti alichungulia nyuma yangu kuelekea mlangoni.

"Kijana, wenzako wako wapi?"

"Shikamoo mzee. Wote wamo humu ndani."

"Marahaba. Basi watakula humo humo."

Akaandika kwenye daftari: wapiga picha, sahani moja. Bei nayo ikakatwa kulingana na sahani.

Nikaanza kwa kamera mbili, zimesimama kwenye stendi, nami katikati na vitufe vyangu. Lakini maharusi hawasimami kwenye stendi. Ikabidi nimchukue kijana wa kubeba kamera ya tatu. Sasa, waya wa HDMI una tabia yake: ukivuka mita kumi au kumi na tano hivi, picha inaanza kuyumba na kupotea. Waya wa SDI, ule wa mafundi wakubwa, unafika mita mia bila kulalamika, lakini kamera na kasha langu havina tundu lake. Kwa hiyo kijana wangu alizunguka ukumbini kama mbuzi kwenye kigingi. Keki ilipoanza kuletwa, wapambe wakiserebuka kwa mstari mrefu kutoka mlango wa nyuma, yeye akavuta, waya ukagoma, na viatu vya kisigino kirefu vikaanza kuuvuka mmoja baada ya mwingine. Wapambe wanne walipita salama. Wa tano aliondoka na kamera namba tatu.

Ikapatikana ajira ya mlinda waya. Huyu nimempa na kazi ya pili, ya kuwasihi mama wadogo na mashangazi wanaosimama mbele ya kamera na tableti zao wakati wa kukata keki. Ni kazi ya heshima, inahitaji mtu mwenye "shikamoo" nyingi. Kabla hajaajiriwa, mama mdogo mmoja alisimama katikati kabisa, kamera yangu ikaacha kuitafuta keki ikaishika tableti yake, na ng'ambo wakaitazama keki kupitia kioo cha mama mdogo. Maoni yaliyoingia yalisifu: leo picha ni safi sana.

Ya umeme nayo ina sura yake. Kasha langu halina betri. Likikosa umeme sekunde moja, linalala, na kuliamsha ni kuanza upya. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukatika kwa umeme, ukumbi una jenereta. Sikuwa nimejiandaa kwa mwezi wa saba. Arusha mwezi wa saba baridi inashuka kutoka Meru na kuingia ukumbini bila kadi, na wazee wa meza ya mbele wanataka chai ya moto, siyo baadaye, sasa. Katikati ya viapo vitufe vyangu vyote vikazimika. Nikaufuata waya hadi nyuma ya pazia, nikamkuta mama wa chakula amechomeka birika kwenye ekstensheni yangu.

"Mwanangu, karedio kako nimekachomoa dakika mbili tu. Wazee wanaganda."

Utamwambia nini? Wazee walipata chai. Minnesota walipata giza, na maharusi kwa upande wa ng'ambo mpaka leo hawajasema "nakubali." Ikapatikana ajira ya mlinda soketi, anakaa kwenye kiti nyuma ya pazia, haoni sherehe, anaona birika.

Kwenye sauti nilijiona mjanja. Nilichukua waya moja kwa moja kutoka kwenye mikisa ya didijei, sauti ikaingia safi. Programu ya kurushia, hata hivyo, inafunguka na maiki ya laptopu ikiwa wazi, na laptopu ilikuwa mbele ya mdomo wangu. Kwa hiyo hotuba ya baba mzazi ilienda hewani pamoja na maelekezo yangu kwa kijana wa kamera: toka kwa huyo mzee anayesinzia, njoo kushoto, siyo huyo, huyo yuko sahani ya tatu, muache ale. Ukumbini hakuna aliyesikia. Dunia nzima ilisikia. Maoni yakaanza kumiminika: ni nani wa sahani ya tatu? Mwonyesheni. Binamu wa Uingereza akasema hotuba isubiri kwanza. Watazamaji waliongezeka kuliko wakati wowote wa jioni ile, na mimi nikadhani ni hotuba. Kesho yake nikaarifiwa kwamba mzee aliyekuwa akisinzia ndiye mweka hazina wa kamati, na kwamba salio langu linahitaji kikao.

Tangu hapo kuna msikilizaji. Anakaa nje, kwenye gari, na visikilizio masikioni, akitazama matangazo kama anavyoyatazama mtu wa ng'ambo. Lazima akae nje, kwa sababu picha huchelewa njiani, sekunde ishirini hivi, na ukichanganya ya ukumbini na ya kwenye simu utapata wazimu. MC mmoja alipata. Aliuliza kwa mbwembwe, "Ndugu zetu wa Minnesota, mnatuona?" Akanitazama. Ukumbi ukanyamaza. Akatangaza kwa masikitiko kwamba ndugu zetu hawatuoni, akamkaribisha mchungaji kwa sala. Sala ilipofika patamu, majibu yakawasili yote kwa pamoja, na MC, akiwa bado na maiki, akashangilia: "Wanatuona!" Vigelegele vikapigwa. Mchungaji akasema amina kabla ya wakati.

Lakini yote haya ni ya mjini. Mlimani kuna mtandao, yaani kuna hadithi yake. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilizinduliwa Mlima Kilimanjaro, kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Mtalii anaweza kurusha laivu akiwa juu ya mawingu. Sisi kipaimara chetu kilikuwa zaidi ya mita elfu mbili chini ya hapo, katika kijiji kimoja juu ya Tengeru, ndani ya migomba na kahawa, na laini zangu zote zilinitazama tu. Hesabu nilikuwa nimeipiga vizuri: megabiti sita kwa sekunde ni gigabaiti 2.7 kwa saa, na shughuli ya saa sita inakula gigabaiti kumi na sita na ushee. Bando nilikuwa nalo. Kilichokosekana ni pa kulitumia.

Simu pekee iliyoshika mtandao ilikuwa ya baba mwenye shughuli, na ilishika ikiwa juu ya mparachichi, tawi la pili, upande wa barabara. Tukaifunga pale kwa kamba ya viatu, tukawasha hotspoti, picha ikaenda. Dakika chache baadaye ikaganda. Simu ile ina desturi ya kizamani: ukiipigia, data inasimama mpaka ukate. Na iliyokuwa ikiita ni Dar es Salaam. Kijana wangu akapanda mti, akapokea.

"Baba, mbona picha imeganda?"

"Shikamoo shangazi. Imeganda kwa sababu umepiga."

"Marahaba. Nimepiga kwa sababu imeganda."

Hapo wote wawili walikuwa na haki. Shangazi akakubali kukata. Picha ikarudi, mtoto akaonekana akipiga magoti, maaskofu wa ukoo wakimzunguka na khanga mpya. Shangazi akafurahi sana. Akafurahi kiasi cha kupiga simu kutujulisha kwamba sasa inaonekana vizuri.

Kijana aliupanda ule mti mpaka akauzoea, na zawadi za kipaimara zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu za ukoo kama mfululizo wa picha za mnato. Ikapatikana ajira ya mpokea simu. Anashika namba nyingine, inayotangazwa kwenye kadi kwa herufi kubwa, na kazi yake ni kusikiliza malalamiko yote ya ng'ambo, kuitikia "ni kweli, mama," na kutonijulisha lolote.

Sasa tupo sita: mimi, kijana wa kamera, mlinda waya na mashangazi, mlinda soketi, msikilizaji wa kwenye gari na mpokea simu. Ukiwatazama vizuri ni walewale wa gari la matangazo, wamerudi kwa mlango wa nyuma, bila vyeo na bila vitambulisho shingoni. Kasha linachanganya picha, sikatai, tena kwa ustadi. Ila halijui kumwambia mama wa chakula asubiri, wala halina "shikamoo" hata moja ndani yake.

Wiki iliyopita nilikaa na kamati ya harusi ya Moshono. Mwenyekiti amesikia sifa za teknolojia, akaanza kwa upole.

"Nasikia una ile mashine ya kisasa ya mtu mmoja."

"Ninayo, mzee."

"Vizuri, inapunguza gharama. Sahani ngapi?"

"Saba."

Akavua miwani. "Saba? Ninyi mko wangapi?"

"Sita, mzee. Ya saba ni ya mlinzi wa ukumbi. Ndiye mwenye ufunguo wa jenereta."