Skwigi wa Malaba

Mpwa wangu alikuja Malaba likizo ya Agosti akitokea Nottingham, na kwenye sanduku, badala ya chokoleti tulizozingoja, akatoa jeshi. Vijitu vya plastiki, vidogo kuliko kidole gumba, vimepakwa rangi kwa subira ambayo hajawahi kuionyesha kwenye vyombo vichafu. Mchezo wenyewe ni Warhammer. Waingereza wanaucheza tangu 1983, na kampuni yake iko huko huko Nottingham. Unapanga jeshi mezani, unapima mwendo kwa utepe kama fundi cherehani, unarusha dadu.

Mimi nilimpenda skwigi. Skwigi ni mdomo uliopewa miguu miwili, basi. Mviringo kama boga, mwekundu, meno yamemzidi, shingo hana, mikono hana. Inasemekana ni nusu mnyama, nusu uyoga. Vigoblini vya kijani humchunga kwa mikuki, na vile visivyojipenda humpanda mgongoni vikaenda naye vitani bila hatamu wala breki. Ataruka umbali gani? Dadu ndiyo inayojua.

"Anko, hata anayempanda hajui watafika wapi!" mpwa akasema.

Nilimwonea huruma. Neno bodaboda limezaliwa kwenye mpaka huu wa Busia na Malaba, enzi za baiskeli zilizovusha watu kati ya Kenya na Uganda. Mtoto ananifundisha mimi kupanda kitu kisichojulikana kitafika wapi?

Mama alimwokota skwigi mmoja, akamgeuza tumbo juu. "Analiwa?"

"Ndiyo, nyanya. Maorki, majitu ya humu mchezoni, humla."

"Hapo sasa mmesema jambo." Akarudi kuchambua kunde zake.

Tulicheza chini ya mwembe, mbele ya barabara ambapo malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuingia Uganda. Nilikuwa na skwigi watano na ushindi ninaunusa. Pia nilikuwa nimevaa fulana nyekundu, jambo ambalo hakuna mtoto wa boma letu ambaye angelifanya.

Mama alikuwa na bata mzinga, na rangi nyekundu ilimchukiza. Alivuka kutoka Tororo akiwa kifaranga ndani ya kikapu, na tangu akue aliamini sisi ndio tuliomfuata. Kichwa kipara chenye rangi ya bluu, kilichogeuka chekundu hasira zikipanda. Juu ya mdomo kilining'inia kinyama kirefu kama kamasi ambayo hakuna aliyemwambia apanguse. Ukimwona kwa mbali ulicheka. Akivimba na kuanza kukokota mabawa mavumbini, ulitafuta mlango.

Siku hiyo alinijia mimi. Sikuupata mlango. Nilipanda meza, mzee mzima wa miaka 47, nikakanyaga vigoblini vyangu mwenyewe. Taniboi mmoja akapiga kelele kutoka kwenye lori, "Mzee, ruka huku!" Mwenzake alikuwa tayari anaweka dau, na si upande wangu. Mpwa hakuja kuniokoa. Alikuwa amepiga magoti na utepe wake, anapima nyayo za bata.

"Inchi 18, Anko! Kwa dadu tatu, haiwezekani zaidi ya hapo!"

Katika vurumai dadu moja ikadondoka. Bata akaikazia jicho moja, akaligeuza la pili ahakikishe, akameza. Ndege hawa humeza changarawe zisage chakula kwenye firigisi, kwa hiyo kwa upande wake hakukuwa na kesi. Alikunjua manyoya, akaondoka polepole.

Kesho yake nilikwenda Busia kutafuta dadu. Nilipata ludo. Mwenye duka alikataa kuuza dadu peke yake, nikarudi na ludo nzima, ambamo mama alitushinda wote kwa jioni tatu mfululizo.

Krismasi bata alichinjwa. Mama alipopasua firigisi, dadu ilikuwa mle ndani, imelainika pembe zote, nukta zimesagika hadi ikawa nyeupe kama jino. Nikaipiga picha, nikaituma Nottingham.

Mpwa hakuuliza habari ya nyama. Alitaka kujua ilikuwa imeangukia ngapi.