Sifa za Ugomvi wa Mlango Namba 53

Mafundi wa Tanga wanaulaani ugomvi wa mlango namba 53. Mimi nausifu. Fundi anataka dnsmasq, programu ya kujibu majina ya mtandao, awahudumie wanafunzi kwenye chumba cha kompyuta, ili wakiandika maktaba.lan wafike kwenye vitabu bila kutumia bando. Anamwasha, dnsmasq anagoma: anwani inatumika tayari. Anayeitumia ni systemd-resolved, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, aliyekuja na Ubuntu na kujikalia kwenye 127.0.0.53 zamani.

Afadhali agome. Pale Ngamiani, mjini Tanga, barabara huitwa kwa namba. Mgeni akiulizia nyumba ya mtu, huyu akamwambia Barabara ya Nne, yule Barabara ya Kumi na Mbili, na kila mmoja akaapa, mgeni atazunguka mpaka magharibi. Ndivyo ingekuwa kama Linux ingewaruhusu wawili hawa kujibu mlangoni pamoja: leo maktaba inafunguka, kesho jina lilelile halijulikani, na mwalimu analaumu waya. Mfumo huu wa majina ya mtandao, yaani DNS, aliouasisi Paul Mockapetris mwaka 1983, hauna maana kama majibu hayaaminiki. Na dnsmasq hugoma palepale anapowashwa, fundi akiwa bado yupo, darasa halijajaa.

Kisha ugomvi unafundisha. Andika sudo ss -lunp, utaona mstari wenye :53 na jina la aliyeushika mlango. Wengi hukimbilia kumzima resolved. Hapo ndipo wanapoharibu, kwani /etc/resolv.conf kwa kawaida ni kiungo kinachoelekea kwake. Ukimzima bila kukirekebisha, kompyuta haijui jina lolote, hata la kupakulia programu.

Mwenye tamaa ni dnsmasq. Asipoelekezwa hudai anwani zote za mashine, pamoja na ya mwenzake. Kwenye /etc/dnsmasq.conf mwandikie bind-interfaces, na chini yake interface= pamoja na jina la kadi ya mtandao wa darasa. Atashika anwani ya kadi hiyo, tuseme 192.168.10.1, na 127.0.0.1 ya ndani. Resolved abaki na 127.0.0.53 yake. Mlango ni namba ileile 53, ila anwani mbalimbali, na Linux haina neno.

Mwanafunzi akiulizia maktaba.lan, dnsmasq anajibu mwenyewe, mradi umemwandikia jina hilo. Akiulizia jina la nje, dnsmasq anamuuliza resolved.